Kipato cha mwanzo cha wahitimu wa sanaa na habari: kwa nini kihesabiwe kwa mwaka, si kwa mwezi

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kijana anayehitimu shahada au stashahada ya usimamizi wa sanaa, utayarishaji wa vipindi, uandishi wa habari au fani inayokaribiana na hizo hukutana mapema na swali la ndugu na jirani: atalipwa kiasi gani? Swali hilo ni halali, kwa kuwa familia nyingi za Mkoa wa Tabora zimesomesha watoto wao kwa fedha za tumbaku, asali, mifugo na biashara ndogo, na wengi wa wahitimu wenyewe wamebeba mkopo wa elimu ya juu. Hata hivyo, jibu linalotolewa mara nyingi ni tarakimu moja ya mwezi mmoja, nayo haimsaidii mhitimu kufanya uamuzi sahihi.

Makala haya yanaeleza namna kipato cha miaka ya mwanzo kinavyoundwa katika fani hizi, makato yanayokipunguza, haki zinazokilinda, na fursa zilizopo kwa mhitimu anayeamua kubaki Tabora na kwenye mikoa iliyopitiwa na njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Hoja kuu ni kwamba mhitimu apime ofa yoyote kwa kiasi kinachobaki mkononi katika miezi 12, pamoja na akiba inayowekwa kwa jina lake, badala ya kuangalia kiwango kinachotajwa siku ya usaili.

Wahitimu wanaozungumziwa

Elimu ya sanaa na habari nchini hutolewa na vyuo vya aina mbalimbali. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambayo ilifanywa wakala wa Serikali mwaka 2007, hufundisha sanaa za maonesho, sanaa za ufundi na utayarishaji wa kazi za sauti na picha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu pamoja na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania, chenye makao yake Mwanza, navyo hutoa wahitimu wa fani hizi.

Tabora yenyewe ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA) pamoja na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Hata hivyo, kijana wa Urambo, Sikonge au Kaliua anayetaka kusomea sanaa hasa hulazimika kusafiri mbali, na baada ya kuhitimu hujiuliza kama arudi nyumbani au abaki mjini alikosomea. Uamuzi huo unahusu kipato moja kwa moja, kwa sababu mshahara mkubwa wa Dar es Salaam unaweza kumalizwa na kodi ya nyumba na nauli, wakati mshahara mdogo wa Tabora unaweza kubakiza akiba kwa mhitimu anayeishi kwa wazazi.

Milango ya kipato iko mitatu: utumishi wa umma, ajira katika vyombo vya habari na kampuni binafsi, na kazi za mkataba kwa mhitimu aliyejiajiri. Kila mlango una hesabu yake.

Mlango wa kwanza: utumishi wa umma

Katika utumishi wa umma, nafasi zinazowahusu wahitimu hawa ni pamoja na Afisa Habari Daraja la II na Afisa Utamaduni Daraja la II. Nafasi hizi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wa Ajira Portal, na tangazo hutaja ngazi ya mshahara. Mwenye shahada huanzia kwa kawaida ngazi ya TGS D, na mwenye stashahada huanzia TGS C. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, bila kujali elimu, kilipanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai 2025. Mhitimu wa shahada, kwa hiyo, huanza juu ya kiwango hicho.

Ili kuonesha namna mshahara unavyofika mkononi, tuchukue mfano wa kukokotoa tu wa mtumishi mwenye mshahara wa Sh 800,000. Mchango wake kwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ni asilimia 5, sawa na Sh 40,000, na mwajiri huongeza asilimia 15. Zinabaki Sh 760,000 za kutozwa kodi. Sh 270,000 za kwanza hazitozwi. Sh 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, yaani Sh 20,000. Na Sh 240,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20, yaani Sh 48,000. Mchango wa bima ya afya wa asilimia 3 ni Sh 24,000. Aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), sawa na Sh 120,000. Baada ya makato yote, mkononi hubaki Sh 548,000.

Mfano huo unaonesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba karibu theluthi moja ya mshahara haimfikii mhitimu mwenye mkopo. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya makato hayo haijapotea: Sh 120,000 zimepunguza deni, na Sh 160,000 za mwajiri na mtumishi kwa pamoja zimeingia PSSSF kwa ajili ya mafao yake.

Tatizo la mlango huu ni upana wake. Mkoa wa Tabora una halmashauri 8: Manispaa ya Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Igunga, Mji wa Nzega na Wilaya ya Nzega. Kila moja ina kitengo cha mawasiliano serikalini na kitengo cha utamaduni, sanaa na michezo, lakini vitengo hivyo havihitaji watumishi wengi, na nafasi hujazwa pale tu kibali cha ajira kinapotoka au mtumishi anapohama, anapopanda cheo au anapostaafu. Kijana anayesubiri nafasi ya Serikali pekee, bila kufanya kazi nyingine yoyote, anaweza kumaliza miaka 3 akiwa hana kipato wala uzoefu wa kueleza mbele ya wasaili.

Mlango wa pili: vyombo vya habari na kampuni binafsi

Redio za mikoani, kampuni za matangazo, studio za kurekodi na waandaaji wa matamasha huajiri wahitimu kama watayarishaji wa vipindi, maafisa masoko, waratibu wa matukio na wasimamizi wa mitandao ya kijamii. Mshahara hapa hupangwa kwa makubaliano, lakini sheria imeweka sakafu yake. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2013 iliweka Sh 150,000 kwa mwezi kwa huduma za utangazaji na vyombo vya habari. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ilipandisha kiwango hicho hadi Sh 225,000. Amri mpya ya mwaka 2025 imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kwa kuwa kila sekta ina jedwali lake, mhitimu anashauriwa kusoma jedwali linalohusu kazi yake kabla ya kusaini mkataba.

Ni muhimu kuelewa kwamba kima cha chini hakikuwekwa kwa kuangalia shahada. Ni kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake kwa mfanyakazi yeyote wa sekta hiyo. Mhitimu mwenye ujuzi wa kuandaa bajeti ya kipindi, kutafuta wadhamini na kusimamia haki za kazi za sanaa ana haki ya kujadiliana juu ya kiwango hicho, na hoja yake huwa na nguvu zaidi akionesha mapato ambayo kazi yake italeta.

Kwa mfano, mwajiriwa wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa Sh 400,000 huchangia asilimia 10 kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), sawa na Sh 40,000, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Katika Sh 360,000 zinazobaki, kodi ni Sh 7,200. Makato ya HESLB ni Sh 60,000. Mkononi hubaki Sh 292,800.

Mhitimu anayekusudia kufanya kazi ya uandishi wa habari azingatie pia kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwanahabari kuwa na ithibati, na elimu inayotambuliwa huanzia stashahada ya fani hiyo. Aliyesomea usimamizi wa sanaa na ambaye kazi yake ni masoko au uratibu hana sababu ya kuomba ithibati hiyo, lakini akianza kukusanya na kuandika habari, sharti linamhusu.

Posho haichukui nafasi ya mshahara

Eneo linalowaumiza wahitimu wengi ni kazi inayolipwa kwa posho. Kijana hupokelewa kwa maelezo kwamba anajifunza, hupewa fedha kidogo za nauli na chakula, na miezi hupita akifanya kazi zile zile za mwajiriwa: anaandaa vipindi, anasoma matangazo, anakusanya madeni ya wateja. Hana mkataba, hana mchango wa hifadhi ya jamii, na akiugua malipo husimama.

Historia ya Tabora inatoa somo la karibu kuhusu jambo hili. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde kuelekea Ujiji. Safari ya pwani hadi Unyanyembe ilichukua takribani miezi 3 hadi 4. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya walikuwa wafanyakazi wazoefu waliojua thamani ya kazi yao. Ujira wao ulipatanwa kabla ya safari, na sehemu yake ililipwa mapema. Wapagazi walioajiriwa pwani katika miaka ya 1870 na 1880 walilipwa kwa kawaida dola 5 za Maria Theresa kwa mwezi. Posho ilikuwa jambo lingine kabisa: ni chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, alichopewa mpagazi njiani ili aweze kutembea. Posho ikikosekana, msafara uligoma. Hapakuwa na mpagazi aliyekubali kwamba kwa kuwa amekula posho, basi ujira wake umekwisha kulipwa.

Tofauti hiyo bado ipo katika hesabu ya leo. Tuchukue mhitimu asiye na mkopo anayepewa posho ya Sh 200,000 kwa mwezi, na mwenzake aliyeajiriwa kwa kiwango cha mwaka 2023 cha Sh 225,000. Wa pili hukatwa Sh 22,500 za NSSF na hatozwi kodi ya mapato kwa kuwa kiasi kinachobaki hakijafika Sh 270,000. Mkononi hupata Sh 202,500. Kwa macho ya haraka, tofauti kati yao ni Sh 2,500 tu. Lakini kila mwezi Sh 45,000 huingia NSSF kwa jina la mwajiriwa, zake na za mwajiri. Baada ya miezi 24, ana michango ya Sh 1,080,000, likizo ya siku 28 kwa kila mwaka, na barua ya ajira inayothibitisha uzoefu wake. Mwenzake wa posho hana hata kimoja.

Mafunzo kwa vitendo yana nafasi yake. Mwanafunzi aliye chini ya chuo chake, au mhitimu aliye katika programu rasmi ya uzoefu kazini yenye muda maalumu, hupata manufaa ambayo hayapimwi kwa fedha pekee. Tahadhari inahusu mafunzo yasiyo na tarehe ya mwisho. Mhitimu aombe maandishi yanayotaja siku ya kuanza, siku ya kumaliza, msimamizi wake na kitakachofuata baada ya hapo.

Mlango wa tatu: kazi za mkataba

Wahitimu wengi wa fani hizi hujiajiri kwa kupenda au kwa kukosa nafasi. Kazi zipo: picha jongefu za taasisi, kampeni za afya, maonesho ya kilimo, sherehe za kijamii, matangazo ya wafanyabiashara wa asali, uratibu wa vikundi vya ngoma. Malipo ya kazi moja yanaweza kuonekana makubwa kuliko mshahara wa mwezi, na hapo ndipo hesabu ya mwaka inapohitajika zaidi.

Tuchukue mfano wa kijana aliyepata kazi 6 kwa mwaka, kila moja ikilipwa Sh 600,000. Jumla ni Sh 3,600,000. Malipo ya huduma za kitaalamu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, sawa na Sh 180,000. Tukikadiria kwamba kukodi kamera na vyombo vya sauti, nauli, kulipa wasaidizi na kununua vifurushi vya intaneti vimegharimu theluthi moja ya malipo, yaani Sh 1,200,000, zinabaki Sh 2,220,000. Ukigawa kwa miezi 12 ni Sh 185,000 kwa mwezi. Mnufaika wa mkopo aliyejiajiri hutakiwa kurejesha kiasi kisichopungua Sh 100,000 kwa mwezi, hivyo hubaki na Sh 85,000. Huyu ndiye kijana ambaye majirani walimwona akilipwa Sh 600,000 kwa kazi ya siku 4.

Mfano huo haulengi kumkatisha mtu tamaa. Unaonesha sehemu nne ambazo mhitimu anaweza kuzirekebisha. Ya kwanza ni idadi ya kazi: kuongeza kutoka 6 hadi 12 kwa mwaka, hata kwa bei ileile na gharama zilezile kwa kila kazi, huinua kiasi kinachobaki hadi Sh 370,000 kwa mwezi kabla ya marejesho ya mkopo. Ya pili ni gharama: vijana watatu wanaomiliki vifaa kwa pamoja hawakodi kila mara. Ya tatu ni kumbukumbu: kodi ya zuio iliyokatwa hutambuliwa katika hesabu za kodi za mwisho wa mwaka iwapo mlipwaji anatunza cheti chake, na anayetupa karatasi hupoteza fedha. Ya nne ni akiba: NSSF hupokea wanachama wa hiari waliojiajiri, na mchango mdogo unaolipwa mfululizo una maana kubwa kuliko mchango mkubwa wa mara moja.

Mwaka wa kwanza si kipimo cha maisha

Hali ya vipato vidogo vya mwanzo katika sanaa haiko Tanzania peke yake. Nchini Uingereza, Serikali huchapisha takwimu za vipato vya wahitimu mwaka 1, 3, 5 na 10 baada ya kumaliza chuo, na wahitimu wa sanaa bunifu huonekana katika kundi la chini ukilinganisha na wahitimu wa tiba au uchumi. Utaratibu wenyewe wa kupima kwa vipindi una funzo. Mwaka wa kwanza hueleza mahali mtu alipoanzia tu. Mwaka wa tatu na wa tano huonesha kama anapanda.

Kwa mhitimu wa Tabora, miaka hiyo ina tarehe nyingine muhimu. Mnufaika wa mkopo hupewa miezi 24 tangu amalize masomo kabla ya kutakiwa kuanza marejesho, isipokuwa akiajiriwa, ambapo mwajiri huanza kumkata. Aliyejiajiri anapaswa kutumia miezi hiyo 24 kujenga kazi itakayoweza kubeba Sh 100,000 za kila mwezi. Akifika mwisho wa kipindi hicho bado anaishi kwa posho, deni humkuta akiwa hana njia ya kulilipa, na ndipo wengi huacha fani waliyoisomea kwa miaka mitatu au minne.

Njia ya misafara kama eneo la kazi

Swali linalofuata ni kama Tabora ina kazi za kutosha kwa msimamizi wa sanaa. Jibu linahitaji kutazama kile ambacho mkoa unacho na ambacho mikoa mingine haina.

Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliwekwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ikiwa na maeneo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora, na lipo hapo Tembe la Livingstone, ambalo ni makumbusho. David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokutana Ujiji mwezi Novemba 1871, walifika Kwihara Februari 1872. Stanley aliondoka kuelekea pwani mwezi Machi, na Livingstone alibaki hadi Agosti mwaka huo. Mkoa una pia historia ya Mtemi Mirambo wa Urambo, ya Mtemi Isike aliyekufa mwaka 1893 katika vita dhidi ya Wajerumani, na ya mkutano wa TANU wa mwaka 1958 uliopitisha Uamuzi wa Busara. Reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata kwa sehemu kubwa uelekeo wa misafara hiyo, na bado ndiyo inayowaunganisha wageni na maeneo haya.

Urithi huo haujilipi wenyewe. Mgeni anayefika Kwihara hutumia fedha zaidi akikuta maelezo yaliyoandaliwa vizuri, kikundi cha ngoma chenye ratiba inayojulikana, chakula, bidhaa za mikono na usafiri uliopangwa. Kuunganisha vitu hivyo ni kazi ya msimamizi wa sanaa. Malipo yake yanaweza kutoka katika asilimia ya mapato, ada ya uratibu au mkataba na mwenye kituo, mradi makubaliano yaandikwe kabla ya mgeni wa kwanza kuingia.

Eneo la pili ni muziki. Tabora iliwahi kuwa na bendi zilizojulikana nchi nzima, zikiwemo Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba warithi wa watunzi wengi wa zamani bado wana haki katika nyimbo zinazopigwa redioni, kwenye kumbi na mitandaoni. Wengi wao hawajui namna ya kuzisajili kazi hizo katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) au kufuatilia mirabaha. Mhitimu anayeifahamu sheria hii, na anayekubaliana na familia kwa maandishi juu ya asilimia ya ada yake, ana huduma ya kuuza ambayo haihitaji kamera wala ukumbi.

Eneo la tatu ni ununuzi wa umma. Taasisi za Serikali hutakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwemo vijana, na zabuni hutangazwa kupitia mfumo wa NeST. Uandaaji wa matukio, uchapishaji, upigaji picha na utayarishaji wa vipindi ni huduma ambazo taasisi hizo hununua. Kijana mmoja mmoja hawezi kunufaika na utengaji huo kirahisi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Aidha, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wadau wa sekta hiyo. Mkopo wa aina hii unafaa kununua kifaa kinachoondoa gharama ya kukodi. Haufai kuziba pengo la matumizi ya nyumbani.

Mhitimu akumbuke pia taratibu za kisheria za shughuli hizi. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, husimamia shughuli za sanaa. Bodi ya Filamu husimamia filamu na michezo ya kuigiza kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Na anayetoa maudhui ya habari mtandaoni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Gharama za vibali ziingizwe katika bei ya kazi tangu mwanzo, kwa kuwa anayezisahau huzilipa kutoka katika faida yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya ziada ya mara moja na nusu kwa saa za nyongeza, na likizo ya mwaka ya siku 28. Kwa msingi huo, mhitimu anayepewa ofa anashauriwa kupata majibu ya maswali yafuatayo:

1. Kiasi kinachotajwa ni mshahara kabla ya makato, ni kiasi cha mkononi, au ni posho?
2. Mwajiri atawasilisha michango ya hifadhi ya jamii kuanzia mwezi gani, na kwa mfuko upi?
3. Kazi za usiku, mwisho wa wiki na safari za matamasha zitalipwa vipi?
4. Iwapo malipo ni ya kamisheni, asilimia inahesabiwa kwenye mauzo au kwenye fedha zilizokwisha kulipwa na mteja?
5. Kazi za ubunifu zitakazotengenezwa zitakuwa mali ya nani, na jina la mtengenezaji litatajwa?
6. Baada ya muda gani mshahara utapitiwa upya?

Kwa kazi za mkataba, maswali ya kuongeza ni mawili: ni sehemu gani ya malipo itatolewa kabla ya kazi kuanza, na ni siku ngapi baada ya kukabidhi kazi ndipo malipo yatakamilishwa.

Mgogoro wa kikazi ukitokea, mfanyakazi ana haki ya kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Muda wake ni siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Wahitimu wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri maelewano ya maneno mpaka siku hizo zinapita.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kumshinikiza kijana akubali kazi yoyote ilimradi aonekane ana kazi kunaweza kumfunga katika posho isiyo na mwisho. Kumzuia asikubali mshahara wa Sh 400,000 wenye mkataba, kwa kuwa jirani analipwa zaidi, kunaweza kumnyima ngazi ya kwanza ya kupandia. Familia ikae na kijana, iandike kiasi kitakachobaki kila mwezi, michango itakayowekwa, deni litakalopungua na ujuzi utakaopatikana, kisha izidishe kwa miezi 12. Ofa mbili zikiwekwa kwenye karatasi moja kwa namna hiyo, tofauti yake halisi huonekana, na mhitimu huenda kwenye mazungumzo na mwajiri akijua kiasi anachoweza kukubali na kiasi anachopaswa kukikataa.